Meza ya Mwenyekiti Crenshaw

"Inua kidogo upande wako, Hosea," nilisema. Nilikuwa nimelala chali chini ya meza, bisibisi mkononi, vumbi la mbao machoni.

"Kuinua nitainua," Hosea Banks alijibu kutoka koridoni. "Ila nani katoa hoja?"

"Hosea, meza inanilalia kifuani."

"Naiona, Ndugu Mabry. Ndiyo maana nauliza upesi."

"Haya, natoa hoja tuinue."

"Naunga mkono," alisema Dada Earnestine Gaddis, aliyekuwa amesimama karibu yake ameshika mkoba wake kwa mikono miwili.

"Wanaoafiki waseme ndiyo."

"Ndiyo," walisema wote wawili, na meza ikainuka, nami nikapata pumzi.

Hapa kwetu Pettus hakuna ajabu katika hilo. Kanisani tunatoa hoja, katika chama cha kuzikana tunatoa hoja, na siku ukoo wetu unapokutana, shangazi yangu hapakui saladi ya viazi mpaka mtu atoe hoja na mwingine aiunge mkono. Lakini Hosea na Earnestine walikuwa wamekaa katika bodi ya shule za Kaunti ya Tulloch miaka mingi mno, na jambo hilo lilikuwa limewaingia kwenye viungo. Nimewahi kumwona Hosea akisimama mbele ya mlango wa benki uliofungwa, akisubiri mtu wa pili aafiki kwamba umefungwa.

Bodi yenyewe haikuwepo tena. Mwezi wa Agosti gavana alitia saini amri, jimbo likaichukua wilaya yetu ya shule, na wote waliochaguliwa wakaambiwa warudi nyumbani. Sisemi ilikuwa haki, wala sisemi haikuwa haki. Najua kwamba shule zetu zilikuwa zimepewa F, alama ya kufeli, ikafuata F nyingine, na kwamba katika kikao cha mwisho bodi ilijadili mpaka usiku kama manyoya ya kofia za bendi yawe ya rangi ya dhahabu au ya dhahabu iliyokolea. Nilikuwepo. Watu wenye akili zao walilia machozi kwa ajili ya dhahabu iliyokolea.

Baada ya hapo jimbo likatuletea Daktari Stribling. Alitoka Jackson, makao makuu ya jimbo, na gari dogo lililojaa makabrasha, akivaa viatu vya raba pamoja na suti, na chakula cha mchana alikila amesimama. Kwa mujibu wa sheria yeye peke yake ndiye aliyekuwa bodi nzima. Kila mwezi alifanya kikao cha hadhara kama kawaida, akasoma ajenda, akajitolea hoja, akajipitishia. Tuliokwenda kutazama tulikaa kimya kama watu walioingia msiba usio wao. Isipokuwa mmoja. Odell Crenshaw, aliyekuwa mwenyekiti, hukaa kiti cha mbele kabisa, na kila Daktari anaposema, "Nimeidhinisha," sauti ya Odell hutoka chini kwa chini: "Naunga mkono." Si kwamba alikubaliana naye. Alisema mwenyewe kwamba hoja iliyoachwa hivihivi bila mtu wa kuiunga mkono inamnyima usingizi.

Sasa hiyo meza. Niliijenga mimi. Ufundi sikuusomea, nilijifunza kwa kubomoa vitu vya watu na kuhangaika kuvirudisha. Bodi walitaka meza ya umbo la kiatu cha farasi, wao wakae upande wa nje, na mwananchi mwenye shida asimame katikati wamwone vizuri. Niliijengea humo humo chumbani, maana ndimo mlimokuwa na nafasi. Nilipofika katikati ya kazi, Odell alinijia peke yake akaniomba sehemu yake niiinue kidogo, upana wa kiganja tu, mwenyekiti aonekane. Nikaiinua. Kesho yake alikuja Hosea kwa siri, akataka yake ilingane na ya Odell. Akaja Earnestine. Wakaja wengine, mmoja mmoja, kila mmoja akinishika mkono na kuniambia hili libaki kati yetu. Walipokwisha, Odell akaona amelingana na wote, akarudi. Wote wakarudi. Mwishowe meza ilinifika kifuani, na ikabidi waagize stuli ndefu zile za baa. Angalia picha za bodi zilizotundikwa koridoni, utaona safu ya vichwa, kama mayai kwenye trei.

Na kila kitu nilikitia gundi. Odell aliniambia, "Mabry, ijenge asije mtu akaifungua." Kwa hiyo asubuhi hiyo ya Jumatano nilikuwa naifungua, nikitafuta skrubu nilizozika kwa mkono wangu mwenyewe.

"Aliyejenga kitu hiki alikuwa mjinga," nilisema.

"Ni wewe," Hosea aliniambia kwa upole. Hosea ana nyumba ya mazishi, na upole ndiyo kazi yake.

Daktari Stribling alitaka chumba kiwe wazi ifikapo Jumatatu. Darasa jipya la kusoma lilikuwa linaanza, kwa watoto wa darasa la tatu waliokuwa nyuma. Katika jimbo letu mtoto wa darasa la tatu asipofaulu mtihani wa kusoma mwezi wa Aprili haendi la nne, hata awe mjukuu wa nani. Bi Verlene Tolliver, ambaye ndiye aliyetufundisha kusoma nusu ya mji huu kabla hajastaafu, alikubali kurudi kwa sharti moja: apewe chumba chenye mlango unaofungika. Chumba cha namna hiyo kilikuwa kimoja tu.

Tulikuwa tumefanikiwa kuutoa mkono mmoja wa meza nje ya mlango. Pale inapoanza kupinda ikagoma. Haikwenda mbele, haikurudi nyuma. Mimi nilikuwa chini yake, Hosea na Earnestine koridoni, na Daktari Stribling, aliyekuwa akisukuma kutoka ndani, akabaki ndani. Madirisha ya chumba kile yalipakwa rangi zamani yakiwa yamefungwa, na tangu siku hiyo ni sehemu ya ukuta.

"Bwana Mabry," Daktari aliniita kutoka juu, "nina simu na Jackson saa sita."

"Ndiyo, Daktari."

"Je, nitakuwa nimetoka?"

Nilifikiri kwanza. Sipendi kumwahidi mtu jambo nisilolijua. "Simu unayo humo ndani?" nikamuuliza.

Ndipo nikasikia viatu vya Odell. Ana duka la dobi, na suruali yake ina mikunjo ya pasi iliyonyooka hivi kwamba miguu hutangulia kufika kabla yake. Alikuwa amekwisha tangaza kwa kinyozi kwamba meza ile haitoki chumbani yeye akiwa hai, na Hosea, aliyekuwa kwenye kiti cha pembeni ananyolewa, akasema basi tusubiri tu. Sasa Odell alikuja na stuli yake ndefu begani. Akaitua koridoni, akapanda, akaweka viwiko juu ya ule mkono wa meza uliotokeza, akaunganisha vidole vyake.

"Habari za asubuhi, wajumbe," alisema.

"Za asubuhi, Mwenyekiti," Hosea na Earnestine walijibu kabla hawajajizuia.

"Bwana Crenshaw," Daktari alisema kutoka ndani. Kichwa chake tu ndicho kilichoonekana juu ya meza. "Naomba usikae hapo. Tunafanya kazi."

"Mimi nimekaa koridoni, Daktari. Korido ni ya umma."

"Meza si ya umma."

"Meza tuliijenga sisi."

"Aliijenga Mabry," Earnestine alisema.

"Dada Gaddis, hujapewa nafasi ya kusema."

"Naomba nafasi."

"Umepewa."

"Aliijenga Mabry."

Daktari Stribling alivuta pumzi. Hakuwa mtu wa kufoka, afadhali angefoka. "Bwana Mabry," alisema, "una msumeno?"

"Ninao."

"Ikate. Hapo hapo kwenye pindo. Nimeamua."

Nilitambaa nikatoka chini upande wa koridoni, nikautoa msumeno sandukuni. Nikauweka juu ya mbao. Ile mbao ni mti wa walnati. Niliinunua kwa mzee mmoja aliyekuwa ameuhifadhi mti wenyewe tangu tufani ilipouangusha uani kwake. Nikangoja. Daktari akaningoja mimi.

"Kuna tatizo?" aliniuliza.

"Hapana, Daktari."

"Basi mbona hukati?"

Mkono haukwenda. Sikuwa namgomea, Mungu ni shahidi. Ilikuwa kama mtu aliyezoea kusali kabla ya kula, amepewa sahani barabarani.

"Anangoja mtu aunge mkono," Hosea alieleza.

"Mimi sihitaji wa kuniunga mkono! Sheria inasema..."

"Sheria tunaijua, Daktari," Odell alisema. Kisha akaangalia dari. Huyu mtu ambaye kila mwezi aliziunga mkono hoja zote za Daktari, hata ile ya kununua chumvi ya kuyeyusha theluji barabarani katika mji usioiona theluji, leo alifunga mdomo. Koridoni tulisikia friji la jikoni likinguruma upande wa pili wa jengo.

"Nina swali," Earnestine alisema.

"Siyo sasa, Earnestine," tulimwambia wote, hata Daktari.

Nasema ukweli kwamba nilimhurumia Odell wakati ule. Wengine walimwona kichaa wa cheo. Lakini alikuwa amekaa kwenye ile nafasi ya katikati tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na tangu Agosti watu walikuwa wakimpita barabarani na kumsalimu haraka haraka, kama mtu aliyetoka hospitali na jibu baya. Na kulikuwa na jambo lingine, ambalo nililijua kwa sababu mke wangu anasaidia darasani. Mjukuu wake, Keziah, mtoto anayelelewa na Odell mwenyewe nyumbani kwake, alikuwa kwenye darasa la tatu kwa mara ya pili. Odell aliwaambia watu yuko la nne. Kanisani humshika mkono, wakifika pa kusoma Maandiko kwa zamu, humtuma maji ya kunywa.

Bi Verlene alitokea mwisho wa korido, amebeba kapu la vitabu vya watoto kwenye kiuno kama anayetoka kuanua nguo. Ni mwanamke mkubwa, na watu humpisha kabla hajaomba njia.

"Nimekuja kuona chumba changu," alisema. "Odell, shuka kwenye hicho kidude, utavunjika nyonga."

"Verlene, hiki ni kikao..."

"Kikao cha nani? Nyie mlishafukuzwa." Akaliweka chini kapu, akachungulia juu ya meza. "Wewe ndiye Daktari? Unafanya nini humo ndani?"

"Nakuandalia chumba, Bi Tolliver. Meza ikitoka tu..."

"Nani kasema itoke?"

Daktari alimtazama. "Wewe ulitaka chumba."

"Nilitaka chumba. Nilisema nataka kitupu?" Bi Verlene alipitisha kiganja juu ya walnati, taratibu, mpaka mahali mbao inapoanza kupinda. "Miaka yote niliomba meza ya namna hii. Mwalimu anakaa hapa katikati, kwenye tumbo lake, watoto wanamzunguka. Kila mtoto namfikia kwa mkono. Akikosea namwona, akilala namwona, akimeza kifutio namwona. Bodi wakaniambia hakuna meza kama hiyo. Kumbe mnayo, mnaikalia wenyewe!"

"Tulikuwa hatujui ni ya kusomea," Hosea alisema.

"Nyie mlikuwa hamjui mengi, Hosea." Akainama kidogo, akajipima, akaweka ubavu wa mkono chini kidogo ya kiuno chake. "Ubaya wake iko juu. Mtoto hapa ataona miguu ya mwenzake tu. Mabry, ikate miguu. Inatakiwa iishie hapa. Keziah ananifika hapa, akikaa anakuwa..."

Akakatisha. Alikuwa amekwisha litaja jina.

Odell, juu ya stuli, aliitazama mikono yake.

"Keziah yuko la nne," alisema.

"Odell," Bi Verlene alisema, na sauti yake ilikuwa imepungua, ile sauti aliyoitumia zamani ukikwama kwenye neno. "Jumatatu atakuwa humu na mimi. Nimemchagua wa kwanza. Swali langu ni dogo tu: nimkalishe wapi?"

Odell hakumjibu Verlene. "Nani mwingine anajua?" aliuliza.

Hosea alianza kuangalia viatu vyake. Mimi nikaufuta msumeno, ingawa haukuwa na kitu.

"Naomba nafasi," Earnestine alisema.

Odell akaitikia kwa kichwa.

"Mji mzima, Mwenyekiti."

Odell akafanya jambo ambalo sikulitarajia: akacheka. Kicheko kifupi, cha puani, kama mtu aliyeficha shimo la soksi harusi nzima, kumbe viatu navyo vilikuwa vimetoboka mahali hapo hapo. Akashuka kwenye stuli, mguu mmoja baada ya mwingine, akajinyoosha koti.

"Natoa hoja," alisema, "kwamba meza irudi ndani na miguu ikatwe kwa kimo atakachoonyesha Bi Tolliver."

Na kabla Hosea hajafungua mdomo, kabla Earnestine hajahamisha mkoba, ikatoka sauti ndani ya chumba.

"Naunga mkono," alisema Daktari Stribling.

Tuligeuka wote. Kichwa chake kilikuwa palepale juu ya meza, uso umemwiva kidogo kwa haya.

Odell alimtazama kwa heshima mpya. "Imeungwa mkono. Wanaoafiki?"

"Ndiyo!" tulisema, na nadhani hata mpishi aliyekuwa jikoni alisema.

"Wanaopinga?"

Friji lilinguruma.

"Imepita. Ndugu Mabry, endelea."

Basi tukaanza kuirudisha, nayo ikakataa kurudi. Ilikuwa imekwama kwa dhati. Tulisukuma, Daktari akavuta, Bi Verlene akatuambia tunasukuma kama watu waliokula saladi tu. Mpishi akatuletea sabuni ya vyombo, nikaipaka miimo ya mlango. Hosea ndiye aliyeitoa mwishowe. Alitupanga pande zote mbili, akatuambia tuinue kwa pamoja, tusikimbie, na tusiangalie miguu.

"Polepole," alisema. "Mfikirieni marehemu."

"Hakuna marehemu, Hosea," Odell alisema.

"Mfikirieni tu. Inasaidia."

Ikateleza ikaingia, ikiwa imechukua na kipande cha rangi ya mlango. Daktari akatoka koridoni, akaangalia huku na huku kama mtu aliyetoka baharini. Simu ya Jackson ilikuwa imempita. Alisema atawapigia, na hakwenda kuwapigia. Alivua koti, akaniuliza ashike wapi.

Kukata miguu ya meza ni kazi inayomdanganya mtu. Unaona ni mbao tu na msumeno. Lakini nilikuwa nimeiinua mara nyingi, kila sehemu kwa kipimo chake na kwa siri yake, na sasa siri zote zikawa hadharani. Mguu wa Hosea ulikuwa na vipande viwili vya kuongezea. Wa Earnestine vitatu.

"Vitatu!" Hosea alisema. "Dada Gaddis!"

"Nilikuwa naumwa mgongo," alisema.

Wa Odell ulikuwa na vinne. Alivihesabu kimoja kimoja kwa kidole, kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Nilidhani ni viwili tu."

"Ulirudi, Mwenyekiti."

"Nilirudi, eh."

Mchana tulikula tamale, vile vibumba vya unga wa mahindi na nyama, alizoleta mpishi, juu ya meza ile ile, tukizipangusa mbao kila mara. Daktari alikula amekaa. Baadaye tukaendelea. Nilikata upande wa kushoto wote na pindo, pamoja na mahali pa Odell, lakini upande wa kulia ulibaki na urefu wake wa zamani, kwa sababu huko gundi na skrubu ziliungana na msumeno ukawa unakula meno yake wenyewe. Kwa hiyo meza ikalala kama mashua inayozama. Daktari aliweka kikombe cha kahawa upande wa juu, nacho kikasafiri peke yake, kikapita mahali pa Earnestine, kikapita mahali pa Hosea, kikaanguka miguuni mwa Bi Verlene.

"Nikiweka mtoto pale juu," alisema Bi Verlene, "atafika kwangu kabla ya neno lake."

Jua lilikuwa limeanza kushuka juu ya mashamba ya soya, na Earnestine akaanza kuangalia mlango. Ilikuwa Jumatano, siku ya maombi, na yeye ndiye anayeanzisha wimbo. Asipofika mapema huanzisha Shemasi Purvis, na akianzisha yeye hakuna anayejua mahali pa kuingilia.

"Natoa hoja tuahirishe," alisema.

"Subirini," Odell alisema.

Alikuwa amekwenda kona aliyokuwa Bi Verlene ameweka viti vya watoto, vya plastiki, rangi ya machungwa. Alichukua kimoja, akakileta mahali pake pa katikati. Akavuta suruali juu ya magoti ili mikunjo isiharibike. Akakaa. Magoti yakamfika karibu na masikio. Akaweka viwiko juu ya walnati, akaviunganisha vidole, akatazama mbele, mahali ambapo mwalimu atakuwa.

"Keziah ananifika hapa?" alimuuliza Verlene. "Akikaa?"

Verlene alizunguka, akasimama katikati ya kiatu cha farasi, akamtazama kwa uangalifu, kama anavyomtazama mtoto mpya siku ya kwanza.

"Punguza upana wa kidole," aliniambia. "Keziah ana mabega ya chini."

"Kesho," nikasema. "Msumeno umekwisha. Lazima nikaunoe."

"Kesho saa mbili," Odell alisema. "Nitakuja na Hosea."

"Naunga mkono," Daktari alisema, akifunga koti. Nadhani lilimtoka tu.

Wakaanza kutoka. Hosea akazima taa za nyuma. Odell alibaki amekaa.

"Mwenyekiti, tunafunga," nilimwambia.

"Tangulieni."

"Maombi yanaanza."

"Nimesema tangulieni, Mabry." Akashika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili, akajaribu kuinuka. Kiti cha rangi ya machungwa kikainuka naye. Akakaa tena. "Goti," alisema.

Hosea alirudi kutoka mlangoni, akavua kofia, akamtazama kwa ule upole wake.

"Usijali, Odell," alisema, akikunja mikono ya shati. "Kubeba watu ndiyo kazi yangu."

"Wewe usinishike! Bado, Hosea. Mabry, njoo wewe."

"Nani katoa hoja?" nikamuuliza.

Odell akaninyooshea mkono.

"Natoa mimi," alisema. "Inua."